Yatima wa Kiungani: Huruma Peke Yake Haitoshi



Lugha yetu ina maneno mawili yanayomhusu mtoto aliyepoteza wazazi, nayo hayana maana moja. La kwanza ni yatima, neno lililotujia kutoka Kiarabu. Neno hili humtaja mtoto kwa kile alichopungukiwa: amefiwa na baba, au na mama, au na wote wawili. La pili ni mkiwa, ambalo humtaja mtu kwa hali anayoishi: yu peke yake, hana wa kumwegemea, hana wa kumuuliza kama amekula. Mtoto aweza kuwa yatima asiwe mkiwa, iwapo shangazi, mjomba au jirani amempokea na kumlea. Aweza pia kuwa mkiwa ilhali wazazi wake wote wawili wako hai, kwa sababu wamemtelekeza. Kifo ndicho kinachomfanya mtoto awe yatima. Ukiwa wake hutokana na sisi tuliobaki.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa makala haya. Nataka tuwatazame watoto wakiwa walioishi katika zama za Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi mwaka 1901. Lakini sitawapeleka London tu. Nitawapeleka Zanzibar, kisha ikulu ya Kabaka wa Buganda, kisha nitawarejesha hapa Mbale, chini ya mlima Wanale. Hoja yangu ni hii: mtoto asiye na wazazi anaidai jamii haki, wala hapaswi kuombea huruma. Anadai ulinzi, jina na nafasi ya kusema mwenyewe yaliyompata. Watoto nitakaowasimulia walipewa huruma nyingi na haki chache, na matokeo yake tunayaona hata katika vitabu tunavyosomea lugha hii.

Yatima wa London na mateka wa Kilwa

Wengi wenu mmesikia habari za Oliver Twist, mtoto katika riwaya ya Charles Dickens iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya mwaka 1837 na 1839. Riwaya ile ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya kuhusu maskini. Aliyehitaji msaada wa umma sasa alitakiwa kuingia katika nyumba za kazi, ambako chakula kilikuwa haba, kazi nzito, na watu wa familia moja walitenganishwa. Nyumba hizo zilifanywa kuwa mbaya kwa makusudi ili watu waogope kuomba msaada. Mtoto yatima, ambaye hakuchagua umaskini, aliadhibiwa pamoja na wengine.

Tazameni pia tarehe mbili. Chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama kilianzishwa London mwaka 1824. Chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto kilianzishwa katika jiji hilohilo mwaka 1884. Farasi alipata mtetezi miaka 60 kabla ya mtoto. Sheria ya kwanza ya nchi ile iliyoruhusu dola kuingilia kati pale mtoto anapoteswa na wazazi au walezi ilipitishwa mwaka 1889, Malkia akiwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha enzi zaidi ya miaka 50. Kuanzia mwaka 1869, wahisani walianza kuwasafirisha watoto maskini na mayatima kwa meli hadi Kanada, wakafanye kazi mashambani na majumbani. Miaka ilivyopita, idadi yao ilizidi 100,000. Wengi hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Ilipofika Februari 2010, Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa mpango huo wa kuwahamisha watoto hadi makoloni ya mbali.

Sasa tuhamie pwani yetu, katika miaka ileile. Biashara ya utumwa ilikuwa imeshamiri kati ya eneo la Ziwa Nyasa na bandari ya Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yalipeleka watu Zanzibar, mahali palipokuwa na soko kubwa la watumwa. Miongoni mwa waliouzwa walikuwamo watoto wengi. Baadhi walitekwa vijiji vyao viliposhambuliwa usiku. Baadhi waliibwa walipokuwa wakichota maji au wakilinda mashamba dhidi ya ndege. Wengine walitolewa na jamaa zao wenyewe wakati wa njaa, au kwa ajili ya deni. Mtoto aliyefika Zanzibar kwa njia hiyo huenda wazazi wake walikuwa hai bado, wakimlilia katika kijiji ambacho hakujua tena kiko upande gani. Kwa neno la kwanza hakuwa yatima. Kwa neno la pili, alikuwa mkiwa kuliko wote.

Wavulana wa Kiungani

Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi UMCA, alifika Zanzibar. Sultani Majid bin Said alimpa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Shule ya misheni ile ilianza na watoto hao watano. Baadaye manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa baharini ziliendelea kuleta watoto wengine. Wavulana walikaa Kiungani, na wasichana walikaa Mbweni, sehemu mbili zilizo kusini mwa Mji Mkongwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na palepale sokoni, Mkunazini, misheni ilijenga kanisa kuu ambalo lipo hadi leo.

Mpaka hapa hadithi inaonekana kuwa ya wokovu tu, na wokovu ulikuwamo kweli, sitaki kuudharau. Mtoto aliyeshushwa kutoka jahazini akiwa na njaa na majeraha alipewa chakula, nguo, kitanda na shule. Asingeokolewa, angeuzwa, na pengine angekufa. Lakini mwalimu wa lugha hana budi kutazama jambo jingine pia: watoto hawa walizungumza lugha gani?

Walitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine mengi ya bara. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na mama hakuwapo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, lugha ya mji walikoletwa. Wote walijifunza kama lugha ya pili au ya tatu, kama mnavyojifunza ninyi wenye kuzungumza Kimasaaba, Kiteso, Kisoga au Kiganda nyumbani. Bila shaka walikosea ngeli kama mnavyozikosea ninyi. Tofauti ni kwamba ninyi mkitoka darasani mnarudi kwa anayezungumza lugha yenu ya kwanza. Wao hawakuwa na pa kurudi. Kiswahili kwao kilikuwa somo, na pia kilikuwa nyumba mpya waliyolazimika kuijenga baada ya ile ya kwanza kubomolewa.

Na katika nyumba hiyo walifanya kazi kubwa. Edward Steere, aliyekuja na Tozer na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Zanzibar. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na baadhi ya wavulana walijifunza kupanga herufi na kuchapisha. Arthur Cornwallis Madan, mwalimu wa misheni hiyohiyo, alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kamusi sanifu za Frederick Johnson za mwaka 1939, ambazo walimu wengi wa Afrika Mashariki walizitegemea kwa miongo, zilijengwa juu ya msingi wa Madan. Kamusi hizo hubeba majina ya Wazungu waliozitunga. Lakini mwalimu anayekaa miaka na wavulana kadhaa, akiwasikia asubuhi na jioni, hawezi kusemwa kuwa amewafundisha tu. Wao pia wamemfundisha. Ndiyo maana ninaamini kwamba katika kina cha lugha sanifu tunayoitumia leo kuna sauti za watoto waliotekwa.

Mwaka 1887 Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake mna masimulizi ambayo wavulana wa shule hiyo waliandika kuhusu makwao, mila za watu wao, na namna walivyotekwa na kufika pwani. Kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Uingereza. Fikirieni jambo hili. Kilikuwa kitu adimu katika zama zile: watoto wenyewe wakisimulia maisha yao. Hata hivyo, jalada lilimtaja mfasiri kwa jina lake, na waandishi likawaita wavulana wa shule za misheni. Walipewa kalamu, na hilo ni jambo kubwa. Jina juu ya jalada hawakupewa.

Kijana aliyemwandikia Kabaka

Historia ya watoto hawa haikuishia pwani. Inaigusa nchi yetu moja kwa moja, ingawa ni nadra kuisikia ikifundishwa hivyo.

Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Katika msafara wake alikuwamo kijana aliyeitwa Dallington Maftaa. Aliwahi kuwa mtumwa, na alikuwa amesomeshwa katika shule ya misheni ya UMCA Zanzibar. Stanley aliandika barua maarufu ya kuwaita wamisionari waje Buganda, na gazeti moja la London likaichapisha mwezi Novemba mwaka huohuo. Vitabu vyetu vya historia hukumbuka barua hiyo. Stanley mwenyewe aliendelea na safari yake. Dallington ndiye aliyebaki.

Alibaki katika ikulu ya mfalme mwenye nguvu, akisoma na kufasiri sehemu za Biblia kwa kutumia Kiswahili, na akiandika barua kwa niaba ya Kabaka. Wamisionari wa kwanza wa CMS walipofika mwezi Juni 1877, walimkuta mtu aliyewatangulia, na mtu huyo hakuwa Mzungu wala mwana wa mfalme. Alikuwa mtoto wa zamani wa jahazi la watumwa, aliyejua kusoma na kuandika.

Nasisitiza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Bado wapo wazazi wanaowaambia watoto wao kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya wahuni, iliyoletwa Uganda kwa nguvu ya bunduki. Ni kweli kwamba wengi waliisikia kwanza vinywani mwa wenye silaha, na machungu yao yana sababu. Lakini kabla ya kambi za jeshi la kikoloni, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika ikulu ya Buganda, na mmoja wa walioshika kalamu hiyo alikuwa mtoto aliyenyang'anywa kwao. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Anayekisoma leo anarithi kazi ya watu wa aina hiyo.

Sababu ya pili ni ya uraia. Tukimtazama yatima tunaona pengo: hana baba, hana mama, hana karo. Dallington anatulazimisha kuona pia uwezo. Nchi inayomwacha mtoto mkiwa njiani haimpotezei mtoto huyo peke yake. Inajipotezea mwandishi, mwalimu, fundi, muuguzi na diwani.

Huruma ilitoa nini, ikachukua nini?

Nilisema kwamba sitaki kuwadharau waliowaokoa watoto. Lakini heshima haituzuii kuuliza maswali.

Tazameni majina. Miongoni mwa wanafunzi wa awali wa misheni walikuwamo John Swedi, George Farajallah na Cecil Majaliwa. Neno majaliwa linatokana na kitenzi kujaalia: ni kile alichotoa Mungu. Farajallah ni faraja itokayo kwa Mungu. Ni majina mazuri kwa sikio, lakini majina ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kwa watumwa wa pwani. Jina la pili la mtoto lingeweza kuwa limetoka kwa aliyemuuza au kwa aliyemmiliki, na la kwanza lilitoka kwa aliyembatiza. Jina alilompa mama yake liko wapi? Cecil Majaliwa alisoma, akafundisha, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Hata mtu aliyepanda kufikia daraja hilo tunamjua kwa majina aliyopewa na wengine.

Tazameni pia kazi. Bagamoyo, ambako mapadre Wakatoliki walianzisha makazi yao mwaka 1868, watoto waliokombolewa walisoma, na pia walifanya kazi katika mashamba na karakana za misheni. Freretown, karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na CMS mwaka 1875, yalikuwa na kengele iliyopangilia siku nzima na kuonya hatari ilipokuja. Mpaka leo mahali hapo panaitwa Kengeleni. Waliokombolewa walikula, walisali na kulima kwa ratiba iliyowekwa na wengine. Nani aoane na nani, nani apelekwe wapi, nani afunzwe ualimu na nani useremala: mara nyingi wakubwa wa misheni ndio walioamua. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1934 ndipo James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa kutoka utumwani na kuletwa Freretown, achapishe kitabu Uhuru wa Watumwa, kwa Kiswahili, jina lake likiwa juu ya jalada.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya huruma na haki. Huruma humtegemea mtoaji: akichoka, imekwisha, akihama, imehama naye, akitaka shukrani, sharti ilipwe. Haki haimtegemei mtu mmoja. Mwenye haki anaweza kuidai bila kupiga magoti, tena anaweza kuidai hata kwa yule anayemlisha.

Chini ya mlima Wanale leo

Mtu ataniambia: hayo ni ya kale, na sisi Waafrika hatuna yatima, kwa sababu mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Ninaiheshimu mila hiyo. Imewalea wengi kuliko shirika lolote, na baadhi yenu mnaosoma makala haya mnaishi kwa bibi au kwa baba mdogo kwa sababu yake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao walijua wasemalo.

Lakini tusijifiche nyuma ya methali. Sisi tunaoishi Mbale tunawaona kila siku watoto wanaookota chupa za plastiki na vyuma chakavu, wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, wanaobeba mizigo sokoni kwa malipo ya sahani ya chakula. Baadhi wametoka Karamoja, kaskazini yetu, wakikimbia njaa na ukosefu wa usalama. Baadhi wametoka vijiji vya jirani. Maporomoko ya ardhi ya Bududa ya Machi 2010 na ya Oktoba 2018, na mafuriko yaliyoukumba mji wetu usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, yaliwaacha watoto bila wazazi au bila nyumba. Wapo pia wale ambao hatuwaoni kwa kuwa wako ndani: msichana aliyechukuliwa na jamaa kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kuosha vyombo na kubeba watoto wa wenzake, mvulana ambaye ami zake waligawana shamba la kahawa la marehemu baba yake kabla majani ya kaburi hayajaota. Damu ni nzito kuliko maji, lakini mbele ya shamba imewahi kuwa nyepesi.

Kuna methali nyingine tunayoitumia bila kuipima: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitamka kama onyo kwa mtoto mkaidi. Je, ambaye mama yake amezikwa? Kwake methali hiyo inakuwa hukumu bila kosa. Na ulimwengu unaotajwa hapo ni nani, kama si mimi na wewe, mwenye duka, dereva wa bodaboda, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji? Ulimwengu ukimfunza kwa mateke, asilaumiwe mtoto kwa alichojifunza.

Mwingine ataniambia: basi tujenge makao ya yatima zaidi. Hapa pia naomba tuwe waangalifu. Yapo makao mema, na wapo watoto wasio na pengine pa kwenda. Lakini inajulikana kwamba watoto wengi wanaoishi katika makao ya namna hiyo nchini mwetu wana angalau mzazi mmoja aliye hai au jamaa wa karibu. Wamepelekwa huko kwa sababu ya umaskini, mara nyingi kwa ajili ya karo tu. Kumtoa mtoto kwa mama yake maskini, ukamwita yatima ili wafadhili wamhurumie, ni kumtengenezea ukiwa ambao kifo hakikumletea. Fedha ileile ingemsaidia mama amlee. Ndiyo sababu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliweka masharti, ikiwamo kumtaka mgeni anayetaka kuasili mtoto awe ameishi Uganda angalau mwaka mmoja.

Sheria, kwa kweli, tunazo. Ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa mtoto haki ya kuwajua na kulelewa na wazazi wake au wale wanaostahili kisheria kumlea, inampa haki ya elimu ya msingi, inamkinga dhidi ya unyonyaji, na inaagiza kwamba sheria iwape mayatima na watoto wengine walio hatarini ulinzi maalumu. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ule wa Afrika mwaka 1994. Katika kila kijiji, makamu mwenyekiti wa baraza la LC1 ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto. Mtoto wa Kiungani hakuwa na hata moja kati ya haya. Mtoto wa Mbale anayo yote katika karatasi. Kazi iliyobaki ni kuyatoa katika karatasi.

Mwanafunzi afanye nini?

Sitaki mmalize kusoma mkiwa na huzuni tu, kwa maana huzuni isiyo na kazi ni pambo. Nina mambo matatu.

Kwanza, ijueni njia. Mfahamuni makamu mwenyekiti wa LC1 wa kijijini kwenu kwa jina lake. Sheria ya Watoto inamruhusu mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aende kutoa taarifa katika baraza la eneo lake. Ipo pia namba ya simu ya taifa ya kuwasaidia watoto, 116, ambayo haina malipo. Huduma hiyo imepewa jina la Kiswahili: Sauti. Jina hilo linanifurahisha kama mwalimu, maana linasema wazi kile ambacho mtoto mkiwa hunyang'anywa kwanza.

Pili, lindeni jina la mtoto. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ni rahisi kumpotezea umri, urithi na uraia. Kama nyumbani kwenu kuna mdogo aliyeletwa baada ya msiba, waulizeni wakubwa kwa adabu: ameandikishwa? Jina la baba yake limehifadhiwa? Shamba la baba yake linajulikana mipaka? Swali la heshima, likiulizwa mapema, huzuia kesi ya miaka kumi.

Tatu, na hili ni la darasani kwetu, tuwape kalamu. Kila mwaka ninapotoa insha yenye mada "Maisha yangu", hupatikana mwanafunzi anayeandika mistari mitatu na kunyamaza. Wenzake hucheka kwamba hajui Kiswahili. Mara nyingi Kiswahili anakijua. Anachokosa ni msikilizaji anayemwamini. Simlazimishi kusema, kwa kuwa simulizi ya mtu ni mali yake, wala haombwi aitoe ili sisi tusisimke. Ninachofanya ni kumwambia kwamba siku atakapokuwa tayari, maneno anayo, na jina lake litakaa juu ya ukurasa. Wavulana wa Kiungani walikuwa wageni wa lugha hii kama yeye, na waliyaandika mambo mazito kuliko yote yaliyowapata. Walistahili kusomwa kwa majina yao. Naye anastahili hilo.

Ukimpa mtoto mkiwa sahani ya chakula, umefanya vyema. Ukimpita kesho yake bila kumjua jina, bado ni mkiwa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya yatima na mkiwa kwa kutumia mifano kutoka kijijini kwenu.
2. Je, unakubali kwamba misheni za zama za Malkia Victoria ziliwapa watoto huruma kuliko haki? Tetea msimamo wako kwa hoja tatu.
3. Andika barua rasmi kwa makamu mwenyekiti wa LC1 ukitoa taarifa kuhusu mtoto, wa kubuni, ambaye jamaa zake wamechukua shamba la marehemu baba yake.
4. Jadili methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni nani anayewajibika kwa mafunzo hayo?